Herufi ya Kuazima

Wachuka alifagia banda lote, hata ile pembe ya nyuma ambayo haikuwa imekanyagwa na mtu tangu watoto waache kuja. Alifagia kwa matawi ya leleshwa, akianzia ndani kuelekea mlangoni, halafu akanyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie. Zamani lilikuwa banda la ndama. Siku za joto bado lilitoa harufu ya maziwa yaliyochacha, lakini yeye hakuichukia harufu hiyo. Ilikuwa afadhali kuliko harufu ya mahali patupu.

Alipomaliza aliketi juu ya gunia, akafuta mikono kwa leso, akamngoja mwanafunzi wake mmoja.

Kabla ya malori, watoto walijaa humu mpaka wengine wakakaa mlangoni, miguu nje, kichwa ndani. Mama zao walikuwa wakichuma pareto ya Bwana Miwani, mzungu mwenye shamba, na mtoto asiyeweza kubebwa mgongoni aliachwa kwa Wachuka asije akaanguka motoni au kwenye birika la ng'ombe. Na kwa kuwa alisoma misheni mpaka darasa la tatu, akawa anawafundisha herufi. Hakuna aliyemtuma. Siku moja Memsabu, mke wa Bwana Miwani, alipita na mbwa wake, akasikia watoto wakiimba a, e, i, o, u, akacheka. Kesho yake akaleta mlango mkuukuu wa stoo, na Wachuka akaupaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na utomvu, ukawa ubao.

Halafu ikaja hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwashuku Wagikuyu wote kuwa waasi. Wagikuyu wa shamba hilo, na wa mashamba mengine kuanzia Gilgil mpaka kule Subukia, walipakiwa kwenye malori warudishwe kwao, hata wale waliozaliwa hapa na wasiojua kwao kwingine. Nderitu, mwanawe Wachuka, alipanda. Mkewe alipanda. Mugure, mjukuu wa miaka sita, alirushwa juu kama furushi, akamwangukia mama mmoja aliyekuwa amepakata kuku. Wachuka naye alikuwa amefunga mzigo wake, kamba imezungushwa, anangoja mkono wa kumvuta. Ndipo Memsabu akaja mbio na karatasi mkononi, akamwambia askari kwamba huyu abaki, kwani nani ataangalia watoto wa wachumaji? Askari akasoma karatasi. Wachuka mwenyewe hakuulizwa. Lori liliondoka, na mzigo wake ukabaki chini, na yeye kando ya mzigo.

Ajabu ni kwamba, baada ya kuachwa kwa ajili ya watoto, watoto hawakuletwa tena. Waliobaki shambani walikuwa Watugen na Wakipsigis, na Waluhya wachache. Hawakumtukana hata siku moja. Walimpita tu. Akifika mtoni na debe lake, maneno yaliisha midomoni, na wanawake wakawa na haraka ghafla. Siku zile hakuna aliyetaka kuonwa na askari akipiga soga na Mgikuyu. Wachuka alilielewa hilo. Kuelewa hakukumsaidia. Jioni alipika ugali mwingi kupita kiasi, kwa mazoea ya mkono, akammwagia kuku wake mmoja na kuongea naye Kigikuyu, angalau asikie lugha hiyo inavyolia.

Mwanafunzi pekee aliyepatikana baada ya malori aliitwa Chelangat. Hakuwa na mama. Babu yake, mzee Kemboi, alikuwa nyapara wa maziwa, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na nyumbani kwake hapakuwa na mwingine wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi Chelangat alikuja peke yake na blanketi lake begani, akasimama mlangoni mpaka aambiwe ingia.

Siku ya kwanza kabisa aliutazama ubao. Pembeni juu palikuwa na herufi moja, M, imepinda, mguu wake wa mwisho mrefu kuliko mingine. Mugure ndiye aliyeiandika, asubuhi ile ya malori, kabla hawajasikia ngurumo zake barabarani. Wachuka alikuwa akifuta ubao kila siku, lakini pembe ile aliizunguka.

"Hii ni ya nani?" Chelangat aliuliza.

Wachuka alidhani anauliza nani ameiandika. "Ya Mugure," alisema. Na kwa kuwa mtoto alikuwa ameshanyoosha kidole, akaongeza kwa ukali ambao hakuukusudia: "Usiiguse! Hata kidogo."

Mtoto aliurudisha mkono, akauficha ndani ya blanketi. "Mimi sigusi," alisema. Na kweli hakuigusa.

Sasa, Wachuka alikuwa na njia yake ya kufundisha. Kila herufi aliipa sauti ya vitu ambavyo mtoto wa shamba anavisikia. F ni mtu anapuliza moto wa kuni mbichi. S ni maziwa yanaingia kwenye ndoo. R ni trekta ya Bwana Miwani ikipanda kilima. M ni ndama anayemwita mama yake huku amefunga mdomo. Lakini siku zote alianza na O, kwa sababu O, alivyosema yeye, mtu anatembea nayo usoni. Unaufungua mdomo, unautazama, na herufi ndiyo hiyo.

"Tazama mdomo wangu," alimwambia Chelangat. "Oooo. Umeona?"

"Oooo," mtoto alisema, tena vizuri, kwa sauti ya kengele ndogo.

"Vizuri sana! Haya, sasa tazama."

Wachuka akachukua kipande cha udongo mweupe. Hakuwa na chaki. Alitumia mawe meupe na mepesi yanayochimbwa Kariandusi, yanayochora laini na kuacha unga vidoleni. Akachora mviringo mkubwa katikati ya ubao.

Chelangat aliutazama, akafumba mdomo.

"Hii ndiyo o. Sema."

Kimya.

"Si umesema sasa hivi? Haya, shika jiwe, uichore wewe."

Mtoto aliutazama mlango. Akavuta blanketi mpaka puani.

Ikawa hivyo siku ile, na ya pili yake, na wiki nzima. Bila ubao, Chelangat alikuwa mtoto mwingine: alipuliza F, alinguruma R mpaka mate yakamtoka, akacheka. Lakini mviringo ukichorwa tu, alizimika. Na baada ya kuiogopa O akaanza kuziogopa zote. Wachuka akichora fimbo ya I, mtoto anatazama mlango. Akichora nyoka wa S, mtoto anatazama mlango. Wachuka alijaribu kubembeleza kwa kiazi kilichochomwa. Kiazi kililiwa. Jiwe halikushikwa.

"Labda ni mimi," alimwambia kuku jioni. "Labda hata huyu wamemwambia asipokee kitu mkononi mwangu."

Mzee Kemboi alikuja mwenyewe siku moja baada ya kukamua, fimbo kwapani, viatu vya mpira vimelowa maziwa. Hakuingia. Alisimama palepale mjukuu wake alipokuwa akisimama.

"Habari ya hapa, mama."

"Nzuri, mzee. Karibu ndani."

"Hapa inatosha. Mtoto amejua nini?"

Wachuka hakuwa na cha kuonyesha ila kile alichokuwa nacho. Akachora mviringo. "Chelangat, mwambie babu. Hii ni nini?"

Chelangat aliinamisha kichwa. Kemboi aliutazama ubao kwa muda mrefu, na uso wake ukajifunga kama mlango wa stoo.

"Hii ndiyo unafundisha mtoto wangu?"

"Ndiyo mzee. Ndiyo ya kwanza. Zingine zinafuata."

Kemboi aligeuka pembeni akatema mate. "Mvua ikianza, ndama watazaliwa wengi. Nahitaji mtu wa kuwachunga. Kama mtoto anajua kitu, akae. Kama hajui, aende kwa ndama. Si ni hivyo?"

"Ni hivyo, mzee."

Alipoondoka, Wachuka aliketi kwenye gunia. Mawingu yalikuwa tayari yameanza kujikusanya juu ya milima upande wa Elmenteita, meusi chini, meupe juu. Mtoto huyu akienda kwa ndama, banda litabaki la kufagiwa tu. Hakutakuwa na wa kumwambia ingia.

Udongo mweupe ulipokaribia kuisha alikwenda kumtafuta Makokha, dereva wa mkokoteni aliyemletea mawe hayo, Mluhya mwenye maneno mengi, ambaye alikuwa bado anamsalimia, ingawa kwanza alitazama nyuma. Ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wa shamba na ng'ombe wa wafanyakazi walipangwa foleni, wakisukumwa mmoja mmoja kwenye maji ya dawa, wanatoka upande wa pili wakitikisa masikio. Wachuka alisimama kando ya ua, kikapu mkononi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama vitu, aliwatazama ng'ombe wanaotoka.

Kwenye paja la mmoja palikuwa na mviringo.

Akatoka mwingine. Mviringo. Nywele hazikuota mahali pale. Ngozi ilikuwa nyeusi, laini, imechomwa kwa chuma cha moto. Halafu akatoka fahali mwenye fimbo moja iliyolala, kisha ng'ombe wenye alama kama kwato mbili.

"Makokha," alisema polepole, "ile duara ni nini?"

"Ile? Si ni ya mzee Kimaiyo! Mama, miaka yote umekaa hapa hujui? Hawa watu kila mlango una alama yake. Hata ukichora hapa mchangani kwa kuchezea, watakuja kukuuliza ng'ombe umemficha wapi." Makokha alicheka, halafu akashusha sauti. "Na usichore hiyo karibu na Kemboi. Zamani mtamba wa Kimaiyo alipatikana kwa boma ya Kemboi. Wazee walikaa, wakaona aliingia mwenyewe, hakuibiwa. Lakini tangu siku ile Kemboi amekataza watu wa nyumba yake hata kuinyooshea kidole. Mtu asiseme tena."

Wachuka alirudi bila udongo. Makokha alimwita, "Mama, mawe yako!" lakini hakusikia.

Asubuhi yake alichora mviringo, akaketi chini kabisa, kimo kimoja na mtoto.

"Chelangat. Hii ni ya nani?"

Mara hii jibu lilikuja upesi, kama lililokuwa limesimama nyuma ya meno muda wote huo. "Ya Kimaiyo."

"Na zile zingine? Ile fimbo, ile nyoka?"

"Sijui ni za nani." Akamtazama kwa mashaka. "Wewe unajua?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema usiguse ya mtu." Na bila kunyoosha kidole, kwa kidevu tu, akaelekeza pembe ya juu ya ubao. "Ile ya Mugure."

Wiki zote hizo alikuwa akidhani mtoto hajifunzi, kumbe mtoto alikuwa amejifunza somo la kwanza kabisa na kulishika kuliko mwalimu mwenyewe.

Siku hiyohiyo, jua likiwa limeinama, alivuka kijito kwenda kwa Kimaiyo. Kwenda kule hakukuhitaji pasi ya serikali ya kutoka shambani, kwani bado ni shamba lilelile, lakini miguu ilikuwa mizito kana kwamba inahitaji. Kimaiyo alikuwa ameketi mbele ya boma akinyoosha mshipi wa ngozi, mzee mwembamba mwenye masikio marefu yaliyotobolewa. Mkewe alikuwa mlangoni anasafisha kibuyu kwa mkaa.

"Umepotea njia?" Kimaiyo aliuliza.

"Sijapotea, mzee. Nimekuja kuomba kitu."

"Chumvi?"

"Hapana. Alama yako."

Kimaiyo alimwangalia. Akamwita mkewe kwa lugha yao, na mkewe akasimama na kibuyu mkononi, na wote wawili wakamwangalia.

"Unataka kuchoma ng'ombe gani? Nyinyi ng'ombe wenu si waliuzwa wiki ile ya malori?"

"Waliuzwa. Nataka kuiweka kwa ubao."

"Ubao unakula nyasi?"

"Haukuli."

"Unazaa?"

"Mzee, ubao hauzai. Ni mtoto nataka atoe sauti." Akachuchumaa, akachora mchangani, kisha akakumbuka maneno ya Makokha na mkono ukasita. "Sisi tuliosoma, hii yako tunaisoma hivi." Akafungua mdomo. "O."

Kimaiyo aliutazama mdomo, akautazama mchanga. "O," alijaribu. Mkewe akacheka, akaufunika mdomo kwa kiganja cheusi cha mkaa. "O! Nimechoma ng'ombe tangu nikiwa kijana, sikujua hii kitu inaongea."

"Inaongea, mzee."

"Mtoto ni wa nani?"

Wachuka alijua swali hilo litakuja, na alikuwa amekataa kulitayarishia uongo. "Wa Kemboi."

Kicheko kiliisha. Kimaiyo alirudia mshipi wake, akauvuta, akauvuta tena. Ndipo yule mke, pengine kwa kuona mgeni amechuchumaa muda mrefu, akakisogeza kigoda kwa mguu. Wachuka alikitazama kile kigoda bila kuelewa kimewekewa nani. Tangu malori hakuna aliyempa mahali pa kukaa. Aliketi, akatandaza leso magotini.

"Kemboi hakuiba," Kimaiyo alisema mwishowe. "Wazee walisema, nami nilisikia kwa masikio haya. Mwambie ni mimi nimetoa. Lakini ni ya kuazima. Ng'ombe wa mtu akichungwa kwako mchana, jioni anarudi nyumbani. Na hii ni hivyo. Jua likiingia, ifutwe. Ikilala huko, hiyo sasa si kuazima."

"Itafutwa, mzee."

"Na asiichore mbaya. Isifungwe nusu. Ya nusu ni ya watu wa Kabazi."

Chelangat alipoambiwa kwamba mwenyewe ameruhusu, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Halafu akashika jiwe kwa ngumi, akatoa ulimi pembeni, akachora mviringo mkubwa kuliko kichwa chake, akaufunga barabara. "O!" alipiga kelele. "O! O! O!" Siku ile ubao ulijaa miviringo kama josho lilivyojaa ng'ombe, na jua lilipoinama alifuta yote kwa kona ya blanketi, hata alama za vumbi, akapuliza.

"Zimeenda nyumbani, kogo," alisema.

Kogo ni nyanya, kwa lugha yao. Wachuka alisikia neno hilo, akajifanya anatafuta ufagio. Mugure alikuwa akimwita cucu.

Herufi nyingine zilibaki na shida yake. Mtoto alitaka kujua kila moja ni ya nani, na Wachuka hakuweza kuzunguka maboma yote akiomba. Alikuwa bado anafikiria njia wakati mvua ilipoanza, usiku, bila kuuliza mtu. Asubuhi mzee Kemboi alikuwa mlangoni, maji yakimtiririka ukingoni mwa kofia.

"Nimesikia kwa Kimaiyo mwenyewe," alisema, na lilikuwa jambo la ajabu kusikia jina lile mdomoni mwake. "Ametuma mtu kuniambia. Haya. Nione."

Chelangat alichora mviringo. "O," akasema, sauti ya kengele ndogo.

Kemboi alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kwa kukubali. "Moja?"

"Ni mwanzo, mzee," Wachuka alisema.

"Ndama wawili wamezaliwa jana. Wengine wako njiani. Siwezi kumwacha mtoto hapa msimu mzima kwa kitu kimoja, mama. Hata wewe unaona."

Wachuka aliona. Mvua ilipiga mabati. Chelangat alimtazama babu yake, akautazama mviringo uliosimama peke yake, halafu macho yake yakapanda taratibu mpaka pembeni juu, yakakaa pale. Kisha akageuka akamtazama Wachuka. Hakuomba. Aliangalia tu, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama nje ya ua wa wengine.

Wachuka aliitazama ile M. Mguu mrefu wa mwisho ulikuwa mrefu kwa sababu Mugure alisikia ngurumo za malori akageuza kichwa huku jiwe bado linatembea.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko yote. Herufi ingebaki, na mtoto angekwenda.

"Mwenyewe yuko mbali," alisema. "Mimi ndiye bibi yake. Chukua."

"Ni ya kuazima?"

"Ya kuazima."

Akamnyanyua, maana hakuifikia. Mtoto alikuwa mwepesi, mbavu zake zikidunda mikononi mwa Wachuka. Chelangat alipitisha kidole juu ya M, akipanda, akishuka, akipanda, akaufuata ule mguu mrefu mpaka mwisho wake, na unga mweupe ukabaki kidoleni. Akafunga mdomo. "Mmmm."

"Ndama," Kemboi alisema ghafla.

"Mmmm," mtoto alirudia, akashushwa, akakimbilia O. "Mmmm. O. Mmmo. Mo!"

"Mo," alisema Kemboi. Akaikung'uta kofia yake ingawa bado mvua ilikuwa inanyesha. "Kumbe zinashikana."

"Zinashikana, mzee."

"Basi. Ndama nitawatafutia mtu mwingine." Alikuwa amekwisha kugeuka alipoongeza, bila kutazama nyuma, "Nitaleta kigoda. Gunia linalowa."

Walifanya kazi siku nzima. Mo, mo, om, mo. Mchana walikula kiazi. Kuelekea jioni mvua ilikatika, na jua likapenya chini ya mawingu, jekundu, likafika mpaka ukutani. Wachuka alitoka nje kumwaga maji yaliyoingia mlangoni. Alipoinuka, alisikia kitu kinakwaruza ndani.

Chelangat alikuwa amekalisha debe juu chini, amesimama juu yake kwa vidole vya miguu. Kona ya blanketi ilikuwa imepita ubao wote, chini, katikati, na juu. Ubao ulikuwa mweusi, unang'aa unyevu, pembe hata pembe.

Wachuka alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Nimefuta zote," mtoto alisema, akiruka chini, akijivuna. "Ya Kimaiyo imeenda kwa Kimaiyo."

"Na ile nyingine?"

Chelangat alishangaa swali lenyewe. "Si imeenda kwa Mugure?"

Alijifunika blanketi lililojaa unga mweupe, akaaga, akashika njia ya nyumbani akirukaruka madimbwi. Wachuka alimtazama mpaka alipofika kwenye miti. Kisha akaingia, akaweka kiganja pembeni juu, mahali pale, palipokuwa bado na unyevu. Akasimama hivyo, mkono juu, mpaka ubao ukakauka. Halafu akachukua ufagio.